Kunguni-maji huuma sana, lakini hatari kubwa ni maji aliyomo

MVUA zinapoanza kunyesha, wakazi wa miji iliyo karibu na maziwa, mabwawa na mashamba ya mpunga huanza kumwona mdudu mmoja mkubwa akianguka usiku chini ya taa za stima. Rangi yake ni kahawia, kama jani lililokauka. Ni bapa, macho yake yametokeza kando ya kichwa, na miguu yake miwili ya mbele imejikunja kama koleo. Kuna wanaomdhania mende aliyenenepa. Wengine husema ni nge aliyepoteza mkia. Anayemwokota kwa vidole hujuta papo hapo.

Huyu ni kunguni-maji mkubwa, wa jamii ambayo wataalamu wa wadudu huiita Belostomatidae. Jina la kunguni lisikutishe, msomaji. Amepewa jina hilo kwa sababu ana mdomo wa kudunga na kufyonza kama wa kunguni wa kitandani, lakini hamfuati binadamu wala hana haja na damu yako. Aina za jamii hii ni zaidi ya mia moja duniani. Wadogo hawazidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Wakubwa wanaopatikana Afrika hufikia sentimita 6 au 7, na huko Amerika ya Kusini wapo wanaopita sentimita 10.

Swali ambalo madaktari huulizwa kuhusu mdudu huyu huwa lile lile: Je, ana sumu inayoweza kuua? Jibu ni hapana. Hata hivyo, aliyeumwa naye huwa ametoka mahali fulani, na aghalabu mahali hapo ni majini. Swali ambalo haulizi mtu, nalo ndilo la maana zaidi kwa afya, ni maji gani hayo na alikaa humo kwa muda gani.

Makao yake

Kunguni-maji huishi katika maji matamu yaliyotulia au yaendayo polepole. Utamkuta kando ya Ziwa Victoria penye matete na mafunjo, katika mabwawa ya kunyweshea ng'ombe, kwenye vinamasi, na katika mifereji na vitalu vya mpunga kama vile vya Mwea na Ahero. Baharini hayupo. Mkazi wa Mombasa anayeogelea ufuoni hana habari naye.

Hana matamvua ya kupumulia kama samaki. Nchani mwa tumbo ana vikia viwili vifupi anavyovitokeza juu ya maji ili kuvuta hewa, kisha huihifadhi hewa hiyo chini ya mabawa yake na kuzama. Ndiyo maana mara nyingi huwa ameshika jani au bua kichwa kikiwa chini na mkia juu, ametulia kama takataka. Samaki mdogo, chura, kiluwiluwi au konokono akipita karibu, hunaswa kwa ile miguu ya mbele. Kunguni-maji humdunga kwa mdomo wake mfano wa sindano na kumwingizia mate makali. Mate hayo hulegeza mwili wa mnyama aliyenaswa na kuuyeyusha kwa ndani, kisha mdudu hufyonza mchuzi huo. Nchini Japani, mwaka 2011, mtafiti Shin-ya Ohba alichapisha habari za kunguni-maji aliyemkamata na kumla kasa mchanga wa bwawani. Mate yanayoweza kazi hiyo ndiyo yanayoingia katika kidole cha mtu anapodungwa, kwa hiyo ukali wa maumivu si jambo la kushangaza.

Nitatoka kidogo nje ya udaktari. Katika aina nyingi za jamii hii, jike hutaga mayai juu ya mgongo wa dume, naye dume huyabeba mpaka yaanguliwe. Muda wote huo hawezi kuruka kwa sababu mabawa yamefunikwa na mayai. Kazi yake ni kupanda juu ya maji mara kwa mara ili mayai yapate hewa. Wataalamu wa zamani walidhani anayebeba ni jike, wakaona hilo ni jambo la kawaida. Ni mwanamke mmoja Mmarekani, Florence Wells Slater, aliyeonyesha mwaka 1899 kwamba mbebaji ni baba. Katika zile aina kubwa zaidi, mayai hutagwa kwenye bua lililo juu ya maji, na dume hupanda akiwa amelowa ili kuyanywesha. Akina baba wanaosoma ukurasa huu watakubali kwamba mdudu huyu ana sifa ambazo wengi wetu hatunazo.

Na kwa nini aje mpaka barazani kwako? Maji yanapokauka au chakula kinapopungua, kunguni-maji huruka usiku kutafuta bwawa jingine. Safari hizi huongezeka nyakati za mbalamwezi. Taa za umeme humvuruga, akazunguka taa ya kituo cha petroli au ya lango la nyumba hadi akaanguka kwenye saruji. Hapo hana uwezo mkubwa. Inambidi atikise misuli yake kwanza ili apate joto la kurukia, na wakati mwingine hujilaza kama maiti. Watoto humwona ametulia, wakadhani amekufa, wakamshika.

Akiuma

Maumivu huanza mara moja. Aliyeumwa huyaeleza kama kudungwa sindano ya moto, au kama msumari uliopigwa kwa nyundo. Madaktari wa Brazili walioandika kuhusu wagonjwa wao mwaka 2010 walitaja maumivu makali mno kuwa ndilo lalamiko kuu. Huenda ukaona alama moja ndogo, wekundu na uvimbe. Sehemu iliyoumwa inaweza kufa ganzi. Kwa watu wengi, maumivu hupungua katika muda wa saa chache na uvimbe huisha baada ya siku chache.

Mwenye kuumwa hasa ni nani? Ni mpalilia mpunga anayesimama pekupeku ndani ya maji, mvuvi anayevuta wavu wenye magugu, mtoto anayeogelea bwawani, na yule aliyetaka kumwonyesha rafiki yake kwamba haogopi wadudu.

Ukiumwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji safi. Kama ni kidole, vua pete haraka kabla hakijavimba. Funga barafu ndani ya kitambaa, au tumia kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, uweke juu ya uvimbe kwa dakika 10 hadi 15, upumzike kidogo, kisha urudie. Meza dawa ya maumivu ya kawaida kama parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto asipewe aspirini. Kama hukumbuki ulidungwa lini sindano ya pepopunda, nenda zahanati ukadungwe, kwa maana maji ya bwawa na matope ya shamba ni machafu.

Kuna mambo ambayo yafaa yaachwe kabisa. Usichanje kwa wembe. Usifyonze kwa mdomo. Usifunge kamba juu ya jeraha, kwa sababu hakuna sumu ya kuzuiwa isipande moyoni, na kamba yenyewe yaweza kukuharibia mguu. Usipake mafuta ya taa, wala dawa ya meno, wala asidi ya betri ya gari. Jiwe jeusi halina la kufyonza hapo. Wala hakuna haja ya kukimbilia duka la dawa ukauziwa vidonge viwili vitatu vya rangi mbili eti vikaushe jeraha. Viuavijasumu si vya kupunguza maumivu ya mdudu, na vikimezwa nusu nusu huzoesha viini kutoogopa dawa.

Daktari atahitajika ukiona uwekundu unaendelea kuenea baada ya siku mbili, usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda kutoka kwenye jeraha. Atahitajika haraka zaidi, bila kungoja asubuhi, kama midomo au uso unavimba, mwili mzima unatoka vipele, au pumzi inakuwa fupi. Hizo ni dalili za mzio. Hutokea kwa wachache, lakini mzio waweza kuua kwa muda mfupi.

Tahadhari nyingine ni hii. Mtu akiumwa ndani ya maji ya matope na hakuona kilichomuuma, asiseme moja kwa moja ni mdudu. Yaweza kuwa mwiba wa kambare, na yaweza kuwa nyoka. Alama mbili zilizo sambamba, kope zinazolegea, kutapika, kushindwa kumeza, au kutokwa na damu kwenye ufizi ni mambo ya hospitali saa ile ile.

Na asichanganywe na yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi aliyewasumbua watu wengi wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998. Yule, ambaye Waingereza walimpa jina la jiji letu la Nairobi, haumi kabisa. Ana maji mwilini yanayobabua ngozi anapopondwa. Kunguni-maji habambui ngozi, yeye hudunga.

Habari za kidonda cha Buruli

Baadhi ya wasomaji wamewahi kusikia kwamba kunguni wa majini huleta kidonda kibaya kisichopona. Habari hiyo haikuzuka bure. Upo ugonjwa uitwao kidonda cha Buruli, uliopata jina lake kutoka eneo la Buruli nchini Uganda, karibu na Ziwa Kyoga. Huletwa na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma. Huanza kama uvimbe mdogo usiouma, kisha ngozi hufunguka na kidonda kikaenea chini kwa chini, kipana kuliko kinavyoonekana kwa juu. Wagonjwa wengi wa Afrika wametoka nchi za magharibi mwa bara hili, zikiwemo Ghana, Benin na Ivory Coast, na aghalabu ni watu wanaoishi karibu na mito na vinamasi.

Mwaka 1999 watafiti waliongozwa na Françoise Portaels kuandika katika jarida la Lancet kwamba walikuwa wameona dalili za bakteria hao katika kunguni wa majini huko Benin na Ghana. Baadaye, katika maabara ya Ufaransa, ilionekana kwamba aina nyingine ya kunguni wa majini iliweza kuwaambukiza panya. Hapo ndipo sifa mbaya ya mdudu huyu ilipoenea. Lakini kuwa na bakteria mwilini si sawa na kuwapa watu ugonjwa, na utafiti uliofuata huko Afrika Magharibi haukuleta ithibati ya kumtia hatiani. Nchini Australia, ambako ugonjwa huo pia upo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kwamba wanaoueneza katika jimbo la Victoria ni mbu.

Kwa hiyo aliyeumwa na kunguni-maji asikose usingizi kwa ajili ya Buruli. La kufaa kukumbukwa ni kwamba uvimbe usiouma unaozidi kukua, au kidonda kilichopitisha mwezi bila dalili ya kupona, ni cha kupelekwa hospitali, hata kama hakiumi. Buruli sasa hutibiwa kwa vidonge vya rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, na anayewahi huepuka upasuaji mkubwa.

Konokono aliye jirani

Tuje kwenye lile ninaloliona kuwa kubwa. Kunguni-maji hupenda maji yaliyotulia, yenye magugu na jua la kutosha. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji hayo hayo. Mtu aliyeumwa na kunguni-maji ndani ya bwawa amepata ushahidi, tena wa kuuma, kwamba ameingia katika maji ya aina hiyo.

Kijana mmoja, karani wa ofisi hapa jijini, alinijia siku chache baada ya sikukuu ya Pasaka. Alikuwa amekwenda nyumbani kwao upande wa Ahero, akamsaidia mama yake kupalilia mpunga kwa siku mbili, akaumwa unyayoni. Jirani alimshauri apake asidi ya betri. Alipofika kwangu alikuwa na kidonda cha upana wa sarafu.

"Daktari, hii sumu ya mdudu itaisha lini?" akauliza.

"Sumu ya mdudu iliisha siku ile ile, ndugu yangu. Kinachokuuma sasa ni asidi."

Kidonda kilisafishwa, kikafungwa, kikapona. Nilimwambia arudi baada ya wiki sita ili apimwe choo, hata kama hataona dalili yoyote. Alicheka. Aliona ajabu kwamba mtu aliyeumwa mguu aambiwe alete choo. Alirudi wiki ya saba, bila kucheka, akiwa na homa ya jioni, kikohozi kikavu na uchovu. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili kwa kujinunulia. Choo chake kilikuwa na mayai ya kichocho cha tumbo.

Nilimwuliza juu ya mama yake, ambaye amesimama katika maji yale kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuwahi kupimwa. Alipoletwa, bandama ilikuwa imevimba na ini lilikuwa limeanza kuwa gumu. Mama huyo alikuwa ameumwa na wadudu wa majini mara nyingi kiasi cha kutoweza kuhesabu, na hiyo ndiyo hatari pekee aliyoijua ya shamba lake.

Kichocho huendaje? Mtu aliye na minyoo hiyo huenda haja majini au kando ya maji. Mayai yaliyomo katika mkojo au choo huanguliwa majini, na vimelea wanaotoka humwingia konokono. Humo ndani huongezeka maradufu mara nyingi, kisha maelfu ya vimelea wadogo wasioonekana kwa macho humwagika tena majini, hasa wakati jua limepanda. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Huhitaji kunywa maji wala kuogelea. Inatosha kusimama ukifua nguo. Daktari Theodor Bilharz aliigundua minyoo hii mjini Cairo mwaka 1851, na ndiye aliyeuachia ugonjwa jina lake la kigeni.

Kwetu kuna kichocho cha aina mbili. Cha tumbo kimezagaa kando ya Ziwa Victoria, Mwea na sehemu za Ukambani. Cha mkojo ni cha Pwani zaidi, kama vile Kwale na Tana River. Cha tumbo kikiachwa huharibu ini mpaka mgonjwa akatapika damu. Cha mkojo huharibu kibofu na figo, na kwa miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake huweza kuacha madonda katika njia ya uzazi, nayo hurahisisha maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Mara nyingi wanawake hao hutibiwa kwa magonjwa ya zinaa ambayo hawana, na ndoa zikavunjika kwa shaka isiyo na msingi.

Nawaambia wanaoishi mijini hasa, kwa sababu mwana wa mjini huenda mashambani mara mbili tatu kwa mwaka, akaingia mtoni na watoto wake kwa furaha ya likizo, kisha hurudi Nairobi. Homa ikimshika wiki kadhaa baadaye hakumbuki mto. Daktari naye asipoambiwa, atafikiri malaria au homa ya matumbo.

Mdudu ni mwenzako

Sasa nataka nimtetee kunguni-maji. Miongoni mwa vyakula vyake wamo konokono. Barani Afrika ipo aina iitwayo Limnogeton fieberi ambayo chakula chake hasa ni konokono, na aina nyingine ndogo zimeonekana katika maabara zikiwala konokono wale wale wabebao kichocho. Jamii hii hula pia viluwiluwi vya mbu. Watafiti waliokusanya wadudu wawindaji wa majini katika vidimbwi vya magharibi mwa Kenya, na kutoa matokeo yao mwaka 2010, walikuta chembe za mbu wa malaria ndani ya matumbo ya wengi wa wadudu hao.

Sisemi kwamba kunguni-maji peke yake atamaliza kichocho au malaria. Tangu zamani wamekuwapo pamoja, naye hakuvimaliza. Lakini kumuua yeye na kumwacha konokono ni hasara, na ndilo jambo linalotokea dawa za kuua wadudu zinapomwagwa au kusombwa na mvua mpaka majini.

Ushahidi wa jambo hili umetoka hapa hapa nchini. Mwaka 2020, watafiti wa Ujerumani pamoja na wa kituo cha icipe walichapisha matokeo ya kuchunguza sehemu 48 za maji magharibi mwa Kenya. Waligundua kwamba konokono wanaobeba kichocho huvumilia sana dawa za mashambani, wakati viumbe wengine wadogo wanaoshindana nao hufa. Miaka miwili kabla, nchini Marekani, majaribio ya kutumia matangi ya maji yalionyesha kwamba dawa ya klopairifosi ilipunguza wawindaji wa konokono, na konokono wakaongezeka. Kwa maneno mengine, anayesafisha pampu yake ya dawa mferejini humsaidia konokono kupata nafasi. Pampu na ioshwe mbali na maji, na maji yaliyooshea yamwagwe shambani mlimopigwa dawa.

Wapo pia wenye nyumba karibu na mabwawa wanaonyunyiza dawa ukingoni ili wadudu wasiwajie. Hiyo ni fedha inayotupwa, na madhara yake nimekwisha kuyaeleza. Zima taa ya nje isiyo na kazi, au weka taa hafifu ya rangi ya manjano ielekezwe chini. Pazia na wavu wa dirishani husaidia. Akiwa amekwisha kuanguka barazani, mfagilie ndani ya kopo kwa ufagio, umwage kwenye majani. Vaa viatu unapotoka usiku. Huko Thailand na Vietnam watu humtwanga na kumfanya kiungo cha mchuzi kwa ajili ya harufu yake, lakini sitarajii kwamba wasomaji wangu wataanza kesho.

Kama umeingia majini

Shambani, viatu vya mpira vinavyofika magotini humkinga mpalilia dhidi ya mdudu na dhidi ya kichocho kwa pamoja, ijapokuwa ni vizito katika tope na wengi huvivua. Kujifuta kwa taulo baada ya kutoka majini si kinga ya kutegemewa. Maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani au mferejini yakichujwa konokono na kuwekwa chomboni kwa saa 48, vimelea wa kichocho huwa wamekufa. Ya kunywa bado yachemshwe.

Kama wewe au watoto wako mmeoga, mmepalilia au mmevua samaki katika maji ya sehemu nilizozitaja, andika tarehe. Mwasho wa siku ya kwanza si lazima uwepo. Homa, kikohozi, vipele na kuumwa tumbo vikitokea kati ya wiki ya pili na ya nane, mwambie daktari wazi wazi kwamba uliingia majini, na utaje ni wapi. Asiyeona dalili yoyote naye apimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima mapema zaidi kwaweza kukudanganya, kwa kuwa minyoo huwa haijaanza kutaga.

Dawa ni praziquantel, vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito wa mgonjwa. Hutolewa kwa wagonjwa wengi kwa siku moja tu. Huua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi sana ile michanga, na ndiyo sababu aliyemeza mapema mno huenda akahitaji kurudia. Aliyetibiwa akarudi majini huambukizwa upya, na hiyo si dalili kwamba dawa ilikuwa mbovu.

Kwa kipimo cha choo, jitayarishe kuleta zaidi ya mara moja, kwani mayai hayatoki sawasawa kila siku. Kwa kichocho cha mkojo, mkojo wa alfajiri si mzuri. Lete uliokojolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, baada ya kutembea kwa miguu kidogo, na usiache zile tone za mwisho, kwa sababu humo ndimo mayai huwa mengi.